Bia ya nyumbani kwenye kegi ndogo: presha inapimwa, haikisiwi

 

Tangu shayiri ianze kuvunwa nimeulizwa swali moja na vijana wengi, kuanzia Mbulumbulu mpaka Rhotia: "Afisa, tunauza shayiri kwa kilo, halafu wageni wananunua bia kwa glasi. Kwa nini tusitengeneze wenyewe?" Wengine wameshaona kwenye simu zile kegi ndogo za lita 5 au lita 19, zenye geji na bomba la kumiminia, na wanataka kununua kesho asubuhi.

Swali ni zuri. Lakini kabla hujatoa hela yako, nataka uelewe kegi inafanya kazi gani na haifanyi kazi gani. Kegi inakununulia muda: bia inakaa wiki kadhaa badala ya siku mbili. Ubora haukununulii. Na usipojua kusoma geji, kile chombo ni hatari kama tairi la lori linalojazwa na mtu asiyeangalia kipimo.

Kwa nini pombe ya kienyeji haikai

Pombe ya mahindi na mtama tunayoijua huku, au mbege ya ndizi na ulezi wanayonywa Mto wa Mbu na Kilimanjaro, inanywewa ikiwa bado inachemka yenyewe. Chachu iko hai, sukari haijaisha, na chombo kiko wazi. Hewa inaingia, na pamoja nayo vijidudu vinavyogeuza kileo kuwa siki. Leo tamu, kesho kali, keshokutwa unamwagia nguruwe. Ndiyo maana mama anayepika pombe huwa anapika kwa siku ya mnada.

Bia ya kegi inakwenda tofauti kwa mambo matatu. Kwanza, maji ya kimea yanachemshwa na kupoozwa kabla ya kuwekwa chachu, kwa hiyo vijidudu vingi vinakufa. Pili, inawekwa hopsi, ambayo inaleta uchungu na pia inazuia baadhi ya bakteria. Tatu, chachu ikimaliza kazi, bia inahamishiwa kwenye chombo kilichofungwa chenye hewa ukaa tu, bila oksijeni. Hapo bia haichachi haraka, na povu linabaki.

Ukikosa mojawapo ya hayo matatu, kegi haikusaidii kitu. Utakuwa umefungia pombe mbovu ndani ya chombo cha bei ghali.

Anza na shayiri yenyewe

Hapa ndipo sisi wakulima tunapowashinda watu wa mjini, maana kimea unaweza kukitengeneza mwenyewe kama tunavyofanya kwa togwa. Ila si kila shayiri inafaa.

Shayiri ya bia inatakiwa iwe na protini ya wastani, kati ya asilimia 9 na 11.5 hivi. Ukichelewa kuweka urea, mmea ukiwa umeshaanza kutoa masuke, ile naitrojeni inakwenda kwenye punje na kuwa protini. Mavuno yanapendeza kwa macho, lakini sukari inapungua na bia inakuwa na ukungu. Mbolea ya kukuzia imalizike mapema, mmea ukiwa bado unatoa machipukizi.

Pima uotaji. Hesabu punje 100, ziweke kwenye kitambaa chenye unyevu, subiri siku tatu. Zikiota 95 au zaidi, endelea. Zikiota 70, ni chakula cha mifugo. Lakini kumbuka shayiri iliyotoka shambani juzi huwa bado imelala, hata kama ni nzima. Ipe wiki sita mpaka nane ghalani kabla ya kuihukumu.

Na hili nasema kwa sauti: usitengeneze kimea kwa mbegu iliyopakwa dawa. Ile mbegu ya kupandia yenye rangi ya waridi au nyekundu ina sumu ya kuua fangasi na wadudu, na kuiosha hakuiondoi. Hali kadhalika punje zenye ukungu: sumu kuvu haiondoki kwa kuchemsha.

Kutengeneza kimea, loweka shayiri safi kwa saa nane, mwaga maji, iache ipumue saa nane, rudia mpaka zifike kama siku mbili. Itandaze kwenye sakafu safi penye kivuli, unene wa sentimita 10 hivi, na igeuze mara mbili au tatu kwa siku ili isipate joto na isishikane mizizi. Ubaridi wa Karatu unatusaidia hapa, maana kimea kinapenda nyuzi 15 hadi 18. Siku ya nne au ya tano pasua punje chache kwa ukucha. Chipukizi ndani ya ganda likifika robo tatu ya urefu wa punje, simamisha. Kausha taratibu juani, kisha malizia kwa joto la nyuzi kama 80 kwa saa chache, halafu sugua ili mizizi idondoke.

Ukitumia kimea cha mtama, kuondoa mizizi na machipukizi si urembo. Machipukizi ya mtama yana kemikali inayozalisha sianidi, kwa hiyo kausha vizuri na upepete mpaka yaishe.

Kilo 100 za shayiri safi zinatoa takriban kilo 80 za kimea. Iweke akilini hiyo namba, tutairudia kwenye hesabu ya biashara.

Maji ya kwetu na mwinuko wa kwetu

Maelekezo mengi yanayosambaa kwenye simu yameandikwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Karatu mjini tuko kama mita 1,500 juu ya bahari, na ukingo wa kreta ya Ngorongoro unapita mita 2,200. Hiyo inabadilisha mambo mawili.

La kwanza ni kuchemka. Huku maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100, na kule ukingoni ni kama 92 au 93. Vijidudu vya kawaida vinakufa bado, lakini uchungu wa hopsi unatoka polepole zaidi. Kama maelekezo yanasema dakika 60, wewe chemsha dakika 75 mpaka 90.

La pili ni presha, na nitalieleza hapo chini.

Kuhusu maji yenyewe, ukanda wetu wa volkano una visima vyenye floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuiondoi, maji yakipungua sufuriani, floraidi inabaki na kuwa nzito zaidi. Kabla hujachagua kisima, omba majibu ya vipimo kwa RUWASA au kwa mamlaka ya maji inayokuhudumia. Maji ya mvua yaliyovunwa kwenye paa safi huwa salama zaidi kwa upande huo, na pia hayana magadi yanayoifanya bia nyeupe iwe na ladha nzito.

Kupika lita 20

Hiki ndicho kipimo cha kujifunzia. Kimea kilo 4.5, kilichoparazwa tu, kisiwe unga laini. Hopsi gramu 25 hadi 40, ambazo hatulimi hapa nchini kibiashara, kwa hiyo ni za kuagiza. Chachu ya bia gramu 11. Hamira ya maandazi itafanya kazi, ila ladha haitakuwa ya bia na uchafu wake hautulii chini vizuri.

Pasha maji lita 14 mpaka nyuzi 72, mimina kimea, koroga. Joto litashuka na kukaa kwenye 66 au 67. Funika kwa blanketi kwa saa moja. Hapo wanga unageuka sukari, jambo lile lile linaloifanya togwa iwe tamu. Joto likipita 75 mapema, ile nguvu ya kimea inakufa na utabaki na uji.

Chuja, kisha suuza machicha kwa maji ya nyuzi 75 mpaka upate lita 25 au 26. Chemsha, weka hopsi mwanzoni, acha mpaka zibaki lita 20 na kidogo. Pooza haraka kwa kuiweka sufuria kwenye beseni kubwa la maji baridi, ikiwa imefunikwa. Ikifika nyuzi 20, hamishia kwenye ndoo safi yenye mfuniko, weka chachu.

Usafi hapa ni ule ule wa maziwa. Kama wewe ni mfugaji unayepeleka maziwa kwenye kituo cha kukusanyia, dawa ya kusafishia vyombo vya maziwa unaijua. Osha, suuza, tia dawa kwa kipimo cha kwenye kibandiko. Usiloweke kegi ya stenlesi kwenye Jiki usiku kucha. Klorini inakula chuma na kuacha vishimo ambamo vijidudu vinajificha.

Hidromita: kifaa cha bei ndogo kinachookoa maisha

Kabla ya kuweka chachu, chukua sampuli na utumbukize hidromita. Itasoma kama 1.045 mpaka 1.050. Hiyo ni sukari. Chachu inavyokula, namba inashuka, na kwa bia ya kawaida itaishia karibu na 1.010 mpaka 1.012.

Sasa sikiliza hesabu hii. Kila namba moja inayoshuka, mfano kutoka 1.013 kwenda 1.012, inazalisha takriban gramu moja ya hewa ukaa kwa kila lita ya bia. Bia ya kawaida yenye povu zuri inahitaji gramu 5 tu kwa lita. Lakini kuanzia mwanzo mpaka mwisho chachu inatoa kama gramu 35 kwa lita. Kwa lita 20 ni gramu 700, sawa na zaidi ya lita 350 za hewa ukiiachia huru.

Ukiifunga hiyo yote ndani ya kegi tangu siku ya kwanza, kwa hesabu presha inapita PSI 250. Kegi ya lita 19 ya aina ile iliyokuwa ya soda imeandikwa ubavuni kwamba mwisho wake ni PSI 130. Tairi la gari dogo unalijaza kama PSI 30. Fikiria mwenyewe kitakachotokea chumbani kwako.

Kwa hiyo kanuni ni moja: usifunge kegi kwa kukisia siku. Mtu atakwambia "siku saba zinatosha". Julai ya Karatu, usiku wa nyuzi 12, chachu inaweza kusinzia siku ya nne, mapovu yakaisha, ukadhani imemaliza. Ukifunga, joto likipanda inaamka na kuendelea kula sukari ndani ya chombo kilichofungwa. Pima leo, pima baada ya siku mbili, pima tena baada ya siku mbili. Namba ikibaki ile ile mara tatu, na iko karibu na 1.012, hapo imemaliza.

Kuna njia ya pili, ya kuchachusha ndani ya kegi yenyewe chini ya presha. Inawezekana, na ina faida: presha ya PSI 10 mpaka 15 inapunguza zile harufu za matunda zinazotokea bia ikichachuka kwenye joto. Lakini njia hiyo ni lazima uwe na valvu ya kupunguzia presha, ile unayoiseti ikifika kiwango inatoa hewa yenyewe. Bila hiyo valvu, usijaribu.

Presha ngapi?

Hewa ukaa inayeyuka kwenye bia kadiri bia inavyokuwa baridi. Bia ya moto inahitaji presha kubwa kupata povu lile lile. Tena geji inasoma tofauti kati ya ndani ya kegi na hewa ya nje, na huku mlimani hewa ya nje ni nyepesi. Ndiyo maana kwa Karatu unaongeza kama PSI 2.5 juu ya namba za vitabuni, na kwa ukingo wa Ngorongoro kama PSI 3.5 hadi 4.

Kwa bia ya kawaida, hizi ndizo namba za Karatu:

Bia ikiwa nyuzi 4, weka PSI 15.
Bia ikiwa nyuzi 10, weka PSI 20.
Bia ikiwa nyuzi 15, weka PSI 26.
Bia ikiwa nyuzi 20, weka PSI 32.

Iache kwenye presha hiyo kama wiki moja ili hewa iingie vizuri. Ukitaka kumimina, punguza presha mpaka PSI 5 hivi, vinginevyo utajaza glasi povu tupu. Unaona kwamba mwenye friji anafanya kazi na presha ndogo. Asiye na friji anafanya kazi na presha mara mbili, ndiyo maana anatakiwa awe makini mara mbili.

Hewa itoke wapi

Njia ya kwanza ni sukari. Bia iliyomaliza kabisa, unaweka sukari gramu 3 hivi kwa lita ndani ya kegi, unafunga, unaacha wiki mbili kwenye nyuzi 18 au 20. Pima sukari kwa mizani, si kwa kiganja.

Njia ya pili ni mtungi wa hewa ukaa wenye reguleta. Hewa hii hapa Tanzania inachimbwa ardhini kule Rungwe, Mbeya, na inauzwa kwenye mitungi. Nunua iliyo safi kwa matumizi ya vinywaji. Ndani ya mtungi, kwenye nyuzi 20, presha ni kama bar 57, yaani zaidi ya PSI 800. Kinachosimama kati ya hiyo presha na kegi yako ni reguleta peke yake. Usiunge mtungi moja kwa moja kwenye kegi hata kwa sekunde tano, na usiuache mtungi juani wala ndani ya gari lililofungwa.

Vijana ni wabunifu, kwa hiyo naomba niyataje ya kuacha.

Usitumie kompresa ya kujazia matairi. Inaingiza oksijeni na mafuta ya mashine, na bia itaharibika baada ya siku chache.

Usitumie mtungi wa kuzimia moto. Hewa yake haikuandaliwa kwa kunywewa.

Usikate wala kugeuza mtungi wa gesi ya kupikia uwe kegi. Mabaki ya gesi yanalipuka ukichomelea, na harufu yake haitoki.

Usinunue kegi yenye chapa ya kiwanda cha bia inayouzwa mtaani. Kegi hizo ni mali ya kiwanda. Aliyekuuzia ameiba au ameuziwa cha wizi.

Kabla ya kufungua kegi yoyote, vuta valvu ya juu mpaka isilie tena. Mfuniko ukigoma, ujue presha bado ipo. Usiugonge kwa nyundo.

Halafu hewa ukaa ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Inatulia chini, haina rangi wala harufu. Ukiweka mtungi na ndoo za kuchachusha kwenye stoo ndogo isiyo na dirisha, ukainama kuokota kitu, unaweza kuzimia bila kujua sababu. Acha dirisha wazi, na mtoto asilale chumba hicho.

Sasa biashara: kegi inalipa?

Nirudi kwenye ile namba. Gunia la kilo 100 linatoa kimea kilo 80. Kila lita 20 za bia zinakula kilo 4.5. Kwa hiyo gunia moja linatosha kupika mara 17, karibu lita 350. Tuchukulie ekari yako imekupa magunia 8 tu: hizo ni karibu lita 2,800 za bia. Ukipika kila Jumamosi bila kukosa, lita 20 kila mara, kwa mwaka mzima unafikisha lita 1,040. Hujamaliza hata nusu ya ekari moja.

Maana yake nini? Kegi ya nyumbani si soko la shayiri. Mtu asikudanganye uongeze ekari kwa sababu umenunua mtungi wa lita 19. Shayiri ya kuuza, ilime kwa mkataba na mnunuzi anayejulikana, bei na viwango vikiwa vimeandikwa kabla ya kupanda. Kinachogharimu kwenye bia ndogo ni hopsi, chachu, hewa, kuni au gesi, muda wako na vibali. Shayiri ni sehemu ndogo.

Hata wakubwa soko hili linawatikisa. Majirani zetu Kenya waliingiza bia ya kegi ya mtama, Senator Keg, mwaka 2004. Ilikuwa rahisi kwa sababu ilipewa nafuu ya ushuru, na wakulima wengi wakaingia kwenye mtama wa mkataba. Mwaka 2013 serikali ikaweka ushuru wa asilimia 50 kwenye bia hiyo, mauzo yakaanguka vibaya, na wakulima wakabaki na mtama usio na mnunuzi. Nafuu ikaja kurudishwa baadaye. Mkulima wa mtama hakukosea chochote shambani. Soko lake lilikuwa limesimama juu ya mguu mmoja.

Sheria nayo ni lazima uijue. Kuuza kileo kunahitaji leseni chini ya Sheria ya Vileo ya mwaka 1968, hata kileo cha kienyeji. Bia ya kuuza inahitaji pia kupita TBS, ambao tangu mwaka 2019 ndio wanaosimamia usajili wa vyakula na vinywaji, na kuna ushuru wa bidhaa kwa TRA. Ukipeleka kegi kwenye loji bila hayo, meneja mwenye akili ataikataa, na asiye na akili atakuponza. Hata ukitengeneza kwa kunywa nyumbani tu, pita ofisi ya biashara ya halmashauri uulize kwanza. Kugeuza bia kuwa moshi, yaani gongo, usiguse kabisa. Hiyo ni kosa la jinai na methanoli yake inapofusha na kuua. Na mtoto chini ya miaka 18 asihusike, si kuonja wala kutumwa.

Wenzetu wa ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro wana jambo la ziada: kilimo hakiruhusiwi mle, kwa hiyo nafaka yote inatoka huku chini, na biashara yoyote mle ina taratibu za Mamlaka ya Hifadhi. Uliza kabla ya kupandisha mzigo getini.

Faida inayoonekana mapema ni machicha. Kila upishi wa kilo 4.5 unakuachia kilo 5 hadi 7 za machicha mabichi. Ng'ombe wa maziwa na nguruwe wanayapenda, yana protini, ila changanya na chakula kingine na uyamalize ndani ya siku mbili. Yakipata ukungu, yapeleke kwenye mboji.

Ushauri wangu

Usianze na kegi. Anza na ndoo yenye mfuniko, hidromita, kipimajoto na chupa za plastiki za soda za lita moja na nusu. Chupa za soda zimetengenezwa kuvumilia presha. Bia ikimaliza kuchachuka, weka sukari gramu 6 kwa lita, jaza, acha nafasi ya vidole vitatu, funga. Kila siku ibonyeze kwa kidole. Ikiwa ngumu kama soda mpya ya dukani, peleka penye baridi. Ikivimba au chini yake ikianza kutokeza, legeza kizibo kidogo kidogo mpaka ipumue. Chupa za kioo za kuokoteza usitumie. Zikipasuka ni visu.

Pika hivyo mara tano. Andika kila kitu kwenye daftari: uzito wa kimea, joto, namba ya kwanza ya hidromita, namba ya mwisho, siku, na ladha baada ya wiki mbili na baada ya mwezi. Kama mara tatu mfululizo bia imekaa mwezi bila kuchacha, na namba zako za mwisho zinafanana, usafi wako umekaa sawa na sasa kegi itakusaidia. Kama bado inachacha wiki ya pili, kegi haitaiponya. Hela hiyo nunua mtamba au mbegu nzuri.

Na mkitaka kwenda mbali, msiende mmoja mmoja. Kikundi cha vijana watano, wenye daftari la upishi, vipimo vya maji na shayiri inayojulikana imetoka shamba gani, kinaweza kwenda SIDO na halmashauri kikasikilizwa. Mtu mmoja mwenye kegi chumbani hasikilizwi, anakaguliwa.

Mwenye shayiri mwaka huu aje na punje zake 100 ofisini, tuzioteshe pamoja, tuanzie hapo. Tukutane shambani.